Kabla wembe haujagusa utosi: Namna ya kuyahukumu makali yake



IPO zana moja ndogo ambayo humlaki Muislamu karibu na mlango wa dunia, kisha ikafuatana naye katika nyakati nyingi za ibada na usafi wake. Zana hiyo ni wembe. Siku ya saba baada ya kuzaliwa, mtoto huchinjiwa akika na nywele zake hunyolewa, na wazazi wake wakatoa sadaka ya fedha yenye uzito sawa na nywele hizo. Anapobaleghe, humlazimu kuzingatia zile sunna za maumbile, miongoni mwazo kuondoa nywele za sehemu za siri. Sahaba Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba wamewekewa muda katika hayo, yasiachwe kupita siku arobaini. Na akijaaliwa kwenda Hija, siku ya kumi ya Dhul-Hijja mwanamume hunyoa kichwa au hupunguza nywele zake, na Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaombea dua wenye kunyoa zaidi ya mara moja kabla ya kuwaombea wenye kupunguza.

Pamoja na daraja hiyo, wembe ni katika vitu ambavyo watu wengi hawavikagui kabisa. Inapofika siku ya akika, mbuzi hukaguliwa macho, masikio na miguu ili asiwe na kilema. Huulizwa umri wake, hutazamwa unono wake, na kisu cha kumchinjia hunolewa tangu asubuhi. Lakini wembe utakaopita juu ya kichwa cha mtoto wa siku saba, hakuna anayeuliza umetoka wapi, umenolewa lini, wala umejaribiwa juu ya nini. Kinyozi huingia, hupewa kiti na bakuli la maji, akaanza kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza namna makali ya wembe yanavyohukumiwa na wenye ujuzi wa kazi hiyo, na kwa nini hukumu hiyo ni jambo la dini kama ilivyo jambo la ufundi. Kauli yetu kwa ufupi ni hii: makali huhukumiwa kwa nywele, huhukumiwa kabla wembe haujagusa ngozi ya mtu, na aliyeushika mpini ndiye mwenye dhamana ya hukumu hiyo.

Ubutu ndio unaojeruhi

Jambo la kwanza tunalopaswa kulisahihisha ni ile dhana kwamba wembe mkali ndio wa kuogopwa. Mama wa mtoto akisikia kwamba wembe ni mkali mno hushtuka, na akiambiwa kuwa si mkali sana hupata utulivu. Ukweli ni kinyume chake. Wembe wenye makali kamili hupita kwa uzito wake wenyewe, na mkono wa kinyozi kazi yake ni kuuongoza tu. Wembe butu haupiti mpaka usukumwe. Unaposukumwa huuvuta unywele badala ya kuukata, huikokota ngozi, na pale unywele unapokatika ghafla ile nguvu yote ya mkono huishia kwenye nyama. Majeraha mengi ya kunyoa hutokana na nguvu iliyozidi, na nguvu huzidi kwa sababu makali yamepungua.

Sasa tuitazame hali ya mtoto mchanga. Juu ya kichwa chake, upande wa mbele, upo utosi, ambapo mifupa ya fuvu haijakutana bado, na kwa kawaida hauzibi mpaka atimize mwaka mmoja au mwaka na nusu. Ngozi ya mahali hapo ni nyororo na chini yake hakuna mfupa wa kuikinga. Hapo si mahali pa kukandamiza chochote. Kwa hiyo wembe unaohitaji kukandamizwa hauna ruhusa ya kufika hapo, hata kama ungeonekana safi na mpya kiasi gani.

Uislamu umetufundisha kanuni ya jambo hili kupitia mlango wa kuchinja. Imepokewa na Shaddad bin Aus (R.A.) katika Sahih Muslim kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani katika kila kitu, na kwamba mwenye kuchinja anatakiwa akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tuzingatie, ndugu zanguni. Mnyama huyo anakwenda kufa, na bado ana haki ya kukutana na makali yaliyonolewa sawasawa. Basi ni ipi haki ya mtoto aliye hai, ambaye ndiyo kwanza anaanza maisha yake? Ikiwa ubutu wa kisu ni dhulma kwa mbuzi wa akika, ubutu wa wembe ni dhulma kubwa zaidi kwa mwenye akika.

Makali ni kitu gani?

Wazee wetu wa pwani wana neno lao katika mlango huu. Hawakutosheka na kusema kwamba kisu ni kikali. Walisema kisu hiki chapata. Na kilicho butu walisema hakipati. Neno hilo lina hekima ndani yake, kwa kuwa linayapima makali kwa kazi yake na kuuacha mng'aro kando. Kisu chaweza kumetameta na kisipate, na kingine kikawa na kutu mgongoni na kikapata.

Kwa upande wa ufundi, makali ni ule mstari ambapo pande mbili za chuma hukutana. Kadiri mstari huo unavyokuwa mwembamba na ulionyooka, ndivyo nguvu ya kukatia inavyopungua. Unywele wa binadamu una unene wa baina ya milimita 0.05 na milimita 0.1, nao ni karibu na mwisho wa kile ambacho jicho tupu linaweza kukiona. Ukingo wa wembe ulionolewa vizuri una wembamba usiofikia hata sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Maana yake ni kwamba mtu anayeinua wembe na kuyatafuta makali yake kwa macho anatafuta kitu ambacho macho hayakuumbwa kukifikia.

Wembe tunaouzungumzia hapa kwanza ni ule wa kinyozi wa asili, wenye bapa refu linalokunjwa ndani ya mpini wake. Nyembe za namna hiyo zilipata sifa kubwa katika miji miwili ya Ulaya. Mmoja ni Sheffield wa Uingereza, ambako katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aligundua njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu ili kiwe cha namna moja pande zote. Wa pili ni Solingen wa Ujerumani, ambao jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1938, asilitumie kila mwenye kutengeneza visu. Lakini muhuri wa mji uliopigwa kwenye chuma unashuhudia asili yake, haushuhudii makali ya leo. Hata wembe mpya kutoka kiwandani mara nyingi huwa haujafikia hali ya kunyolea mpaka upitishwe tena kwenye kinoo na kwenye mkanda wa ngozi.

Mashahidi wa makali

Mwenye kutaka kuuhukumu wembe anao mashahidi kadhaa. Kama ilivyo katika hukumu yoyote ya uadilifu, kila shahidi husikilizwa katika lile analolijua, wala hapewi zaidi ya hapo.

Shahidi wa kwanza ni jicho. Tumesema kwamba jicho haliwezi kuyaona makali, lakini linaweza kuuona ubutu. Wembe ukishikwa chini ya taa, ukingo wake ukielekezwa juu, mahali palipo butu au penye pengo hung'aa kama kijistari au kijidoa cheupe. Sababu yake ni kwamba ukingo uliofumbata una upana, na upana huo huurudisha mwanga. Ukingo mkali hauna upana wa kutosha kurudisha mwanga, kwa hiyo hauonekani. Basi ukiona mng'aro kwenye ukingo, wembe huo umeshapingwa. Usipouona mng'aro, bado hujathibitisha lolote. Umejua tu kwamba shahidi huyu hana la kusema dhidi yake.

Shahidi wa pili ni kidole gumba. Wajuzi hukipitisha kwa wepesi kukata ukingo, kamwe si kufuata urefu wake, maana anayekipitisha kwa urefu hujikata. Wembe mkali huhisiwa kama unaonata kwenye ngozi yenye unyevu, na ulio butu huteleza. Ushahidi huu ni wa kweli kwa mwenye uzoefu wa miaka, lakini hauwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine. Ngozi ya mshona viatu si sawa na ngozi ya karani, na kidole kilichoshika mafuta husema jambo tofauti na kidole kikavu. Kwa hiyo kidole kinaweza kumpa kinyozi dhana, hakiwezi kumpa yakini.

Shahidi wa tatu ni ukucha. Huu hutumika mwanzoni mwa kunoa tu. Ukucha hulowanishwa na wembe ukavutwa juu yake kwa uzito wake mwenyewe, kutoka kisigino hadi ncha. Ukipita kwa ulaini bila kukwama, ukingo hauna mapengo. Ukirukaruka, yapo mapengo na kazi ya kinoo haijaisha. Lakini jaribio hili lenyewe huyaharibu makali, na kwa sababu hiyo anayelifanya baada ya kumaliza kunoa hubomoa kile alichokijenga.

Shahidi wa nne ni nywele za mkono. Huyu ndiye anayependwa sana na watu, na ndiye anayewadanganya wengi. Mtu hunyoa kipande cha mkono wake, akaziona nywele zimeondoka, akatangaza kuwa wembe uko tayari. Vinoo hupangwa kwa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kinoo kinavyokuwa laini zaidi. Wembe uliotoka kwenye kinoo cha namba 1,000, ambacho ni cha kuanzia tu, huweza kunyoa mkono kwa urahisi. Lakini uso hautauvumilia mpaka upitie vinoo vya namba 4,000, 8,000 na zaidi. Nywele za mkono ni nyembamba na laini, ilhali ndevu ni nene na ngumu. Kwa hiyo mkono ulionyolewa unathibitisha kwamba kazi imeanza vyema, hauthibitishi kwamba imekamilika. Lenye nguvu zaidi ni kuupitisha wembe juu ya ngozi bila kuigusa, kiasi cha nusu sentimita, na kuangalia kama nywele zinakatika zikiwa zimesimama zenyewe. Hapo ngozi haizishikilii wala hakuna kinachozisukuma, na wembe usio na makali huzilaza tu.

Shahidi wa tano ni unywele mmoja unaoning'inizwa. Huchukuliwa unywele safi, ukashikwa upande wa shina, na ncha yake ikaachwa iangukie juu ya ukingo wa wembe. Wapo wembe ambao unywele hukaa juu yake pasi na kudhurika. Wapo ambao huukwaruza, na wapo ambao huuchana kwa urefu. Ulio mkali huudaka na kuukata kwa sauti ndogo, na ulio mkali zaidi huukata kimya, kipande kikadondoka kama kwamba hakikuguswa. Jaribio hufanywa kwenye kisigino cha wembe, katikati na kwenye ncha, maana si ajabu kwa wembe kuwa mkali katikati na butu mwishoni.

Shahidi huyu ni bora kuliko waliomtangulia, lakini naye ana masharti. Nywele hazilingani. Unywele mnene hukatika kwa urahisi kuliko mwembamba, uliooshwa hukatika tofauti na wenye mafuta, na unywele wa kipilipili hujikunja na kuukimbia ukingo. Kwa ajili hiyo, fundi mwangalifu hutumia nywele za mtu mmoja siku zote, na kwanza huzijaribu kwa wembe ambao anajua kwa yakini kwamba unanyoa vizuri. Kipimo kisichopimwa hakiwezi kupima.

Makali ya uongo

Ipo hali moja ambayo hata unywele mmoja hauwezi kuifichua, nayo ni ile ya makali ya uongo. Wembe ukisuguliwa kwenye kinoo kupita kiasi, au upande mmoja zaidi ya mwingine, chuma cha ukingoni hunyooka kikawa ulimi mwembamba mno usio na nguvu. Ulimi huo hukata unywele kwa namna ya kupendeza, na mwenye kuupima husifu. Unapokutana na ndevu hujikunja au hukatika vipande katika mipito ya mwanzo, na mtu ambaye nusu ya shavu lake limenyolewa kwa raha huanza kuumia nusu ya pili. Wembe wa namna hii ni mkali bila kuwa mwema.

Tiba yake ni mikono michache mepesi kwenye kinoo laini, kisha mkanda wa ngozi. Katika kinoo, wembe hulazwa bapa, mgongo na ukingo vyote viwili vikigusa jiwe, na husukumwa ukingo ukitangulia. Unene wa mgongo ndio unaoweka pembe ya ukingo, na kwa hiyo fundi hana haja ya kuikisia. Kwenye mkanda wa ngozi mambo hugeuka: mgongo hutangulia na ukingo hufuata. Kila inapofika wakati wa kurudi, wembe hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake. Mwenye kuugeuza juu ya ukingo huikata ngozi ya mkanda na kuyaua makali kwa tendo moja.

Kwa sababu ya udanganyifu huo, wajuzi wamekubaliana kwamba hakimu wa mwisho ni kunyoa kwenyewe, na hakimu huyo huanza kwa uso wa mwenye wembe, asianze kwa kichwa cha mteja. Alama zake zinajulikana. Wembe mwema hauvuti. Hautoi machozi chini ya pua. Hauachi muwasho baada ya maji kukauka. Ni kweli wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini katika jambo hili la kuujaribu wembe wake anatakiwa ajinyoe ndevu zake kwanza.

Hapa tuongeze angalizo kwa wenye nywele za kipilipili, ambao ni wengi wetu. Ukali usitufanye tunyoe kupita kiasi. Unywele uliojikunja ukikatwa chini mno, ngozi ikiwa imevutwa, hurudi ndani, na unapoota tena huichoma ngozi kutoka ndani. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyotokea. Mwenye wembe mkali atosheke na mpito mmoja mwepesi unaofuata uelekeo wa nywele, asiurudie kwa kwenda kinyume.

Wembe si ule ule

Watu husema wembe ni ule ule, wakimaanisha kwamba mambo hayajabadilika. Kwa wembe wenyewe, msemo huo hausadifu. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuuangalia wembe chini ya hadubini wakati unaponyoa. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara hamsini, na bado waliona kwamba unywele mmoja unaweza kumega ukingo wa chuma. Hutokea hivyo pale unywele unapokutana na ukingo kwa upande, na chuma cha mahali hapo kikawa hakilingani sawasawa katika umbile lake la ndani. Kumbe makali si mali ambayo mtu akiisha kuipata huiweka. Ni hali inayopungua kila unapopita unywele. Hukumu ya jana haiuhusu wembe wa leo.

Aidha, uadilifu unatutaka tusiuhukumu wembe peke yake na kuziacha nywele. Unywele mkavu ni mgumu, nao huufanya wembe mkali uonekane butu. Ukilowana hunywa maji, hufura na kulainika, na nguvu ya kuukatia hupungua sana. Ule usemi wa kwamba ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, wengi huuchukua kama onyo la balaa inayokuja, nao ni kweli ni onyo. Lakini asili yake ni maelekezo ya kazi, na ni maelekezo sahihi. Kichwa kilowanishwe kwa maji ya vuguvugu kwa dakika chache, ndipo wembe uhukumiwe.

Makali hayatoshi bila usafi

Mwaka 1904 Mmarekani King Gillette alipata hati ya ugunduzi wa wembe wake mwembamba wenye makali pande mbili, ambao aliuanza kuuza mwaka mmoja kabla. Wembe huo haukukusudiwa kunolewa. Ulikusudiwa kutumika na kutupwa. Ukaenea duniani, ukafika hadi kwenye maduka ya mitaani kwetu, na pamoja na faida zake umetuondolea ujuzi wa kuhukumu. Mwenye wembe wa kutupwa hana tena haja ya kujua unapata kiasi gani akiufungua. Anachotakiwa kujua ni lini autupe, na hilo ndilo linalopuuzwa. Wembe mmoja hupita juu ya vichwa vitatu au vinne kwa hoja ya kwamba bado unakata.

Hapa ndipo tunapoona kuwa makali ni nusu tu ya hukumu. Wembe waweza kuwa mkali kabisa na ukabeba maradhi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba, katika tone la damu ambalo jicho halilioni. Virusi vya UKIMWI navyo ni miongoni mwa sababu za kutoshirikiana wembe. Kuufuta wembe kwa kitambaa, au kuuchovya kwa haraka ndani ya spiriti, hakuutoi katika hatari hiyo. Ni kwa ajili hii mamlaka za Saudi Arabia zimekuwa zikiwataka mahujaji wanyolewe na vinyozi wenye leseni, kwa nyembe za kutumika mara moja, na kuwaonya dhidi ya wale wanaokaa pembezoni mwa njia za Mina na wembe mmoja kwa watu wote.

Kwa mnasaba huo, majaribio yote tuliyoyataja yana mpaka wake. Kinyozi aliyeupima wembe kwa kidole chake au kwa nywele za mkono wake ameugusisha na mwili wake. Hawezi kuuchukua hivyo hivyo akauweka juu ya kichwa cha mtoto. Wembe wa kunolewa ubaki kuwa wa mtu mmoja, aujue na aujaribu juu ya nafsi yake. Ama kwa kichwa cha mtu mwingine, na hasa mtoto wa akika, utumike wembe mpya unaofunguliwa mbele ya wazazi, ambao haujaguswa na kidole wala mkono. Ukijaribiwa, ujaribiwe kwa unywele uliokwisha kukatwa kwa mkasi kutoka katika kichwa kile kile. Ukionekana kuvuta, utupwe na ufunguliwe mwingine. Bei ya wembe mmoja ni ndogo mno kulinganisha na bei ya mbuzi tuliyemkagua tangu asubuhi.

Wembe ni amana

Ndugu msomaji, katika historia ya Uislamu nyembe zimetajwa mahali ambapo mtu hakutarajia. Katika mwaka wa sita wa Hijra (628), Waislamu walipozuiwa kuingia Makka na kufikia sulhu ya Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru wachinje na wanyoe. Huzuni ikawazuia, hakusimama mtu. Mkewe Ummu Salama (R.A.) akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje na amwite kinyozi wake. Walipomuona amefanya hivyo walisimama nao wakaanza kunyoana, hata ikahofiwa kuwa wataumizana kwa ukubwa wa majonzi waliyokuwa nayo. Riwaya hiyo inatufunza kwamba mkono wenye moyo uliovurugika ni hatari kwa mwenye kunyolewa, hata kama wembe ni mwema.

Na kabla ya hapo kidogo ni kisa cha Khubayb bin Adiyy (R.A.), kilichopokewa na Bukhari. Alitekwa kwa khiyana katika tukio la Rajii, akauzwa Makka kwa watoto wa al-Harith, ambaye Khubayb alimuua katika vita vya Badr. Alifungwa akisubiri kuuawa. Siku zake zilipokaribia, akamuomba mmoja wa binti za al-Harith amuazime wembe ili ajisafishe, naye akamuazima. Mama yule akaghafilika na mtoto wake mdogo, mtoto akatambaa mpaka kwa mfungwa. Alipogeuka alimkuta mwanawe ameketi juu ya paja la Khubayb, na wembe uko mkononi mwake. Akashikwa na hofu iliyoonekana usoni. Khubayb akamuuliza kama anachelea kwamba atamuua mtoto, kisha akamhakikishia kuwa hilo hawezi kulifanya kamwe. Baadaye mwanamke huyo alikuwa akieleza kwamba hajapata kumuona mfungwa bora kuliko Khubayb.

Tuutazame wembe ule. Ulikuwa na makali ya kutosha kuondoa nywele, kwa hiyo ulikuwa na makali ya kutosha kuondoa uhai. Aliyeushika alikuwa na kisasi cha kudai na hakuwa na maisha ya kupoteza. Mtoto alisalimika kwa sababu mkono uliushika wembe kama amana. Na mtoto wa akika pale nyumbani kwetu naye hana ulinzi mwingine ila huo: mkono wa kinyozi mwenye kujua wembe wake uko katika hali gani, na mzazi mwenye ujasiri wa kuuliza kabla bakuli la maji halijaletwa.

Kwa hiyo, tunapoalikwa au tunapoalika katika akika, tusione haya kuuomba wembe tuutazame. Uwe mpya, ufunguliwe mbele yetu, nywele zilowanishwe vyema, na utosi upitiwe bila kukandamizwa. Kinyozi mwenye kujua kazi yake hatakasirika kwa kuulizwa, bali atafurahi kuwa wapo wanaofahamu. Na akikasirika, basi jibu lake tumeshalipata.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie ihsani katika kila tunalolishika mikononi mwetu, na awalinde watoto wetu na kila madhara, dogo na kubwa. Wabillahi tawfiq.